MASHINE SI BUBU, IMEKOSA MKALIMANI

Ndugu wafanya kazi,

Leo hatuandiki habari ya mishahara, ingawa habari ya mishahara haijaisha. Twaandika habari ya tundu moja dogo lililokuwa nyuma ya kompyuta za zamani, lenye sindano tisa, ambalo karibu liwatoe kazini wenzetu wawili. Tundu hilo huitwa mlango wa siriali. Wengi wetu tumeliona na hatukulijali. Twaomba mtusome mpaka mwisho, kwa kuwa jambo lililowafika hao laweza kukufika wewe kesho.

Habari yenyewe ni hii. Katika karakana moja hapa Nairobi, ambayo hatutaitaja jina, mna mashine ya kukereza vyuma. Mashine hiyo haiongozwi kwa mkono tu. Hupewa maagizo ya namba, mahali pa kukata na kiasi cha kukata, na maagizo hayo hutoka katika kompyuta kupitia waya. Kompyuta ilikuwa ya zamani sana, ya kutumia DOS. Jirani yetu, ambaye ndiye mkereza vyuma, aliiwasha kila asubuhi, akachagua kazi, akaipeleka mashineni, na chuma kikakatwa kama kilivyotakiwa. Siku moja umeme ulipotea ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikafa. Mashine yenyewe haikudhurika hata kidogo.

Mwenye karakana akanunua kompyuta mpya ya kubebeka. Kumbe haina lile tundu. Programu ya zamani ilipojaribiwa ndani yake ikakataa hata kufunguka. Akaja bwana mmoja aliyevaa vizuri, akatazama kwa muda wa robo saa, akasema kwamba mashine imekwisha, iuzwe chuma chakavu. Siku ya pili yake jirani yetu na msaidizi wake wakaambiwa wakae nyumbani mpaka watakapoitwa. Sisi wafanya kazi twayajua maneno hayo. Ni maneno yasiyo na tarehe.

WAYA MMOJA, BITI MOJA NYUMA YA NYINGINE

Sisi si wataalamu wa kompyuta. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, na mengine tukafundishwa na kazi ya reli. Lakini tulipoelezwa jinsi mlango huo unavyofanya kazi tulicheka, maana ni mambo ya reli matupu.

Katika mlango wa siriali, kila herufi hukatwa vipande saba au vinane, viitwavyo biti, navyo hupita katika waya mmoja, kimoja nyuma ya kingine, kama mabehewa. Mbele hutangulia biti ya kuanza, mfano wa injini. Nyuma hufuata biti ya kumaliza, mfano wa behewa la gadi. Mara nyingine huongezwa biti moja ya kuhesabia, mfano wa karani wa yadi ahesabuye mabehewa ili ajue kama limepotea moja. Pande zote mbili sharti zikubaliane mapema: mwendo ni biti ngapi kwa sekunde, labda 4800 au 9600, mabehewa ni mangapi, karani yupo au hayupo, na alama ya kusimamisha ni ipi. Zikitofautiana katika jambo moja tu, kinachofika ni takataka, au hakifiki kitu.

Kazi ya namna hii haikuanza na kompyuta. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa tangu 1896 mpaka ikafika Nairobi 1899, waya wa simu ulikwenda pamoja nayo. Karani wa stesheni aligonga alama fupi na ndefu, moja baada ya nyingine, na mwenzake wa stesheni ya pili akazipokea. Kanuni ya mlango wa siriali, iitwayo RS-232, ilitolewa Marekani mwaka 1960. Baada ya IBM kutoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981 mlango huo ukaenea pamoja na kompyuta za namna hiyo, na viwanda vikautumia kwa mizani, kwa mashine za kukereza na kwa vyombo vya kupimia. USB ilikuja mwaka 1996. Katika miaka iliyofuata 2000, watengenezaji wa kompyuta za kubebeka wakaanza kuliacha tundu la zamani, mmoja baada ya mwingine.

Kuachwa huko hakukuwa na maana kwamba kanuni ya RS-232 imeharibika. Mashine zilizojengwa kwa kanuni hiyo bado zinakata chuma na kupima mizigo kila siku.

KWA NINI PROGRAMU YA ZAMANI HUKATAA

Kuna makufuli matatu. Mtu akifungua moja tu akakata tamaa, atasema mashine imekufa.

Kufuli la kwanza ni lile tuliloliona, tundu halipo.

Kufuli la pili ni adabu ya programu yenyewe. Programu ya DOS haikuzoea kuomba ruhusa. Huenda moja kwa moja kwenye anwani ya mlango, ambayo kwa mlango wa kwanza ni 3F8, ikaweka maneno yake hapo. Ni kama dereva anayeshuka kwenye injini na kugeuza pointi kwa mkono wake. Windows za ukoo wa NT, zilizoanza 1993 na kuingia majumbani kwa jina la XP mwaka 2001, ziliweka mtu wa signali katikati. Tangu hapo hakuna programu inayogusa pointi ila kwa kupitia kwake. Programu ya zamani haimjui mtu huyo. Huenda kwenye anwani yake ya siku zote, na hapo haikuti chochote.

Kufuli la tatu ni ukubwa. Programu nyingi za DOS ni za biti 16, na Windows ya biti 64 haiziendeshi kabisa. Windows 11, iliyotoka 2021, ni ya biti 64 tu. Basi hata ukipata tundu, programu haisimami.

Sisi watu wa reli tumekwisha kuliona jambo hili kwa ukubwa zaidi. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa 2017, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli nyembamba halipiti juu ya reli pana, wala hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba behewa ni bovu. Huko Naivasha pamejengwa mahali pa kuhamisha makontena kutoka njia moja kwenda ya pili. Mashine ya jirani yetu nayo ilihitaji mahali pa kuhamisha mzigo.

TULIVYOFANYA

Jirani yetu alikwenda kwa mwenye karakana akamwomba siku mbili, Jumamosi na Jumapili, bila malipo. Tulikwenda naye, pamoja na kijana mmoja wa Kariobangi anayetengeneza kompyuta. Twaeleza kazi yote kwa utaratibu, ili mtu mwingine asipoteze siku kama tulivyopoteza sisi.

Kwanza kijana aliitoa diski ya kompyuta iliyokufa, akaiunganisha na kompyuta nyingine, akanakili kila kitu mahali pawili. Alikataa kugusa jambo lolote kabla ya hilo. Ndani ya diski mlikuwa na programu yenyewe na kazi za miaka mingi.

Pili ilitafutwa adapta ya kugeuza USB iwe mlango wa siriali. Ya kwanza tuliyonunua mjini ilikuwa na chipu bandia, ikakataa. Mambo ya chipu bandia yafaa kuyajua. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu za namna hiyo, ilitoa draiva iliyozifanya chipu za kuigiza zisitambulikane tena na kompyuta. (Draiva huyu si dereva wa treni. Ni programu ndogo inayoifundisha Windows kutumia chombo.) Tukarudi tukanunua adapta ya kweli. Kisha kijana akaijaribu peke yake kabla ya kuifunga mashineni: aliunganisha sindano ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, akaandika herufi katika kompyuta, na herufi ile ile ikarudi. Herufi ikirudi, adapta na draiva ni wazima, na kama kuna kosa liko mbele zaidi. Ndivyo sisi nasi tutafutavyo hitilafu ya signali, sehemu moja baada ya nyingine.

Tatu ilikuwa namba. Windows iliipa adapta jina la COM7. Programu yetu inajua COM1 mpaka COM4 tu. Tuliingia katika orodha ya vifaa vya Windows, tukaibadili adapta iwe COM1.

Nne alitafutwa mkalimani. Iko programu iitwayo DOSBox, ambayo hutolewa bure. Hiyo huigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Programu ya DOS hukaa humo ikidhani iko nyumbani kwake. Huenda kwenye anwani ya 3F8 kama ilivyozoea, na DOSBox huyachukua maneno yake na kuyapeleka kwa Windows kwa njia ya halali. Sharti tu iandikwe katika maagizo ya DOSBox kwamba mlango wake wa kwanza ndio COM1 ya kweli. Programu ikafunguka. Jirani yetu alipoyaona maandishi yake ya siku zote kwenye kioo kipya, alinyamaza kidogo, kisha akavuta kiti akakaa.

Tano ilikuwa waya. Waya wa zamani ulikuwa umetupwa. Mashine ina tundu la sindano 25 na adapta ina la sindano 9, na hesabu zake hazifanani. Katika tundu la 9, sindano ya 2 hupokea, ya 3 hupeleka, na ya 5 ni ya chini. Katika tundu la 25 la mashine hii, ya 2 hupeleka, ya 3 hupokea, na ya 7 ni ya chini. Anayepeleka sharti aonane na anayepokea. Basi tulifunga 2 kwa 2, 3 kwa 3, na 5 kwa 7. Zilibaki sindano za kuulizana kama mwenzako yuko tayari. Kwa mashine hii kijana aliziunganisha zenyewe kwa zenyewe, zikaridhika.

Hapo ndipo tulipokwama kabisa. Mwendo ni upi? Biti ngapi? Kijana hakujua, sisi hatukujua, kitabu cha mashine kilikuwa kimepotea miaka mingi. Jirani yetu akatoa mfukoni daftari dogo la kurasa zenye mafuta. Alikuwa ameandika zamani, kwa mkono wake: mwendo 4800, biti 7, hesabu ya shufwa, biti 2 za kumaliza. Ndugu wasomaji, mtu aliyeambiwa akae nyumbani ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo.

Tulipeleka kazi ya kwanza. Mistari michache ikafika sawa, kisha maneno yakaanza kupotea. Sababu yake ni kwamba kumbukumbu ya mashine ni ndogo. Inapojaa hupeleka alama ya kusema simama. Lakini adapta ya USB huwa imekwisha kubeba fungu la maneno tumboni mwake, na huendelea kulimwaga baada ya alama kutolewa, kama treni nzito isiyoweza kusimama papo hapo mbele ya signali. Tukapunguza akiba ya adapta katika maagizo yake, na kushusha mwendo mpaka 2400 pande zote mbili. Kazi ikapita yote. Tuliiendesha mashine kwanza bila chuma, ikakata hewa, tukaitazama kila hatua. Ndipo tukatia chuma. Jumapili kabla ya magharibi kipande kilipimwa kikawa sawasawa, na Jumatatu wenzetu wawili walirudi kazini.

Mambo mawili ya hadhari. La kwanza, sindano za RS-232 zaweza kuwa na umeme wa volti 15. Vibao vidogo vya volti 3.3 au 5 visifungwe humo moja kwa moja, vitaungua. La pili, mashine nyingi za namna hii huhifadhi maagizo yao ya ndani kwa betri. Betri ikifa mashine husahau yote. Fuateni kitabu cha mashine. Mara nyingi betri hiyo hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa.

WENGINE WATASEMA TUNAPENDA MAKUUKUU

Wengine watasema kwamba chama hiki kinaogopa mambo mapya. Twawajibu kwamba nchi tajiri zina shida ii hii. Mjini San Francisco, Marekani, mitambo ya kuongoza treni za mji iliyowekwa 1998 ilijengwa ianze kazi kwa diski laini za zamani. Mwaka 2024 wakubwa wa mji walikubali mkataba wa dola milioni 212 ili kuibadilisha. Huko Ujerumani, Januari 2024, lilionekana tangazo la kazi likitafuta mtu ajuaye Windows 3.11 na MS-DOS, kwa ajili ya vioo vya habari mbele ya dereva wa treni. Nchi hizo hazikutupa treni zao. Zilitafuta mtu ajuaye, na zilikuwa tayari kumlipa.

Wala hatusemi kila cha zamani kibaki. Mashine yenye kuhatarisha vidole vya mtu iondoke. Kompyuta ya zamani isiunganishwe na intaneti hata siku moja. Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilizivamia kompyuta ambazo hazikupata marekebisho, na katika stesheni za Ujerumani mbao za kuonyesha saa za treni zikaonyesha madai ya fedha mbele ya abiria. Kompyuta ya karakana ikae na mashine yake tu.

Lakini habari hii imekuja wakati wake. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Maofisi mengi na karakana nyingi zinabadilisha kompyuta, na kila mahali penye mizani au mashine ya zamani swali hili litabisha hodi. Litakapobisha, mtu wa kwanza kuonywa atakuwa yule anayeiendesha.

TUNALOTAKA

Kwa hiyo twasema wazi. Kukosekana kwa waya si sababu ya kumtoa mtu kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba mwajiri akitaka kupunguza watu kwa kukosa kazi yao, sharti akiarifu chama chao na ofisa wa kazi muda usiopungua mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na kiasi. Kisha sharti alipe malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Maneno ya "kaeni mpaka mtakapoitwa" hayamo katika kifungu hicho. Mkiambiwa hivyo, njoni chamani siku hiyo hiyo.

Twataka waajiri wafanye haya. Kabla mashine haijahukumiwa kuwa chakavu, aulizwe kwanza yule aiendeshaye. Programu zote na maagizo ya mashine yanakiliwe sasa, kompyuta ingali hai, na nakala ziwekwe mahali pawili. Kompyuta ya karakana inunuliwe kwa kutazama kazi yake: kompyuta ya mezani hukubali kadi yenye mlango wa siriali wa kweli, na kadi hiyo haina hila nyingi za adapta. Tena mfanya kazi mwenye ujuzi huo apewe vijana wawili awafundishe, na mafundisho hayo yahesabiwe kuwa kazi yenye malipo.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Wako wazee kazini wanaofungia daftari kwenye sanduku, wakidhani siri ndiyo kinga yao. Siri haimkingi mtu ambaye bwana wake hajui kama anayo. Daftari la jirani yetu lilimwokoa siku lilipofunguliwa mbele ya watu. Wako na vijana wanaocheka kioo cheusi chenye maandishi meupe. Kijana wa Kariobangi hakucheka, aliuliza, na sasa karakana nyingine mbili zimemwita.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kila mmoja wenu na atazame wiki hii mashine anayoiendesha: waya wake unaingia wapi, mwendo wake ni upi, na nani mwingine anajua. Ayaandike kwa kalamu. Katika mkutano wa tawi ujao tutauliza mmoja mmoja, na daftari zenu mje nazo.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenu katika chama,
Wafanya kazi wa reli, Jericho, Nairobi.